Matuta Juu ya Nyumba ya Gertrude

Kapita Isidore Katembo aliuamini udongo kuliko alivyowaamini watu, na kwa miaka ile ya Bunia sijui nani angemlaumu. Alizaliwa kwenye vilima vya Lubero, kule ambako mashamba yamesimama wima na mtu akidondosha kiazi huenda kukiokota kwa jirani wa chini. Huko mtoto hufundishwa, kabla hajaijua alfabeti, kwamba udongo haukai mahali kwa hiari yake, lazima ushikwe. Baba yake alisamehe mengi. Aliusamehe uvivu, aliusamehe hata wizi wa ndizi. Kosa moja hakulisamehe kamwe, nalo ni kulima kwa kufuata mteremko. Ukipiga matuta kutoka juu kwenda chini umeichongea mvua barabara, na mzee alikuwa na fimbo maalumu kwa wajenzi wa barabara hizo.

Ukubwani Isidore akawa mwashi, kisha kapita wa kusimamia vibarua, na mwaka 2002 ulimkuta Bunia, mashariki mwa Kongo, akimfanyia kazi Donatien, mtu wa kwao aliyeuza misumari na vitenge. Donatien alikuwa amenunua kiwanja kwenye mteremko mtaani Saio, akataka ghala nyuma na maduka mbele. Kwenye mteremko hujengi mpaka ukate. Basi Januari, kiangazi kikiwa kikali, Isidore na vibarua kumi na wawili wakaanza kukata kilima kwa sururu na beleshi, na udongo wote uliotoka wakaurundika ukingoni, upande wa chini. Rundo lilipofika urefu wa mtu, Isidore alipanda juu yake akatazama bondeni, akaona bati. Ilikuwa nyumba ya Eugène na mkewe Gertrude, hatua thelathini tu kutoka pale, nyumba ya matofali mabichi iliyopakwa chokaa.

Eugène alikuwa fundi wa redio, mtu wa sauti ya chini ambaye angeweza kukaa asubuhi nzima na waya mmoja. Gertrude alichuuza samaki wakavu walioletwa kutoka kwao Tchomia, na upole wote wa nyumba ile alikuwa amemwachia mumewe.

"Kapita!" alipaza sauti siku ya tatu ya kazi, mikono kiunoni. "Mavumbi yako inaingia mu samaki yangu! Watu wananiuliza kama niliipaka unga!"

"Pole, mama Joëlle," Isidore alijibu kutoka juu. Joëlle ni binti yao wa pekee, wa miaka minane. "Udongo iko kavu sana."

"Iko kavu? Na mikono yako je, nayo iko kavu? Shuka uje uipanguse, moja moja!"

Isidore akashuka. Vibarua waliegemea mabeleshi yao wakacheka mpaka machozi, kwa sababu kapita wao aliketi kwenye kigoda saa nzima na kitambaa, akipangusa samaki mmoja mmoja, na Gertrude amesimama nyuma yake akimwonyesha waliobaki. Tangu siku hiyo udongo ule ulinyunyiziwa maji mara mbili kwa siku, kwa madumu yaliyotobolewa matundu, na rundo likafunikwa kwa majani yaliyokatwa. Vumbi likapungua. Gertrude akatafuta mambo mengine ya kugombania, na hakuyakosa.

Lakini vumbi ni mchezo. Kazi yenyewe ni mvua. Kabla ya mvua za Machi Isidore alivaa shati safi akateremka kwa jirani zake, akakataa kiti, akasema alilokuja kusema.

"Papa Joëlle, ni mi njo niliweka hii mulima juu ya kichwa yenu. Haitashuka. Kama inashuka, uulize miye, usimuulize Donatien."

Eugène alicheka kidogo bila kuinua macho kwenye redio. "Sawa, Kapita. Basi nyumba iko mu mikono yako."

Ni maneno ya jirani, ya kutaka mtu anywe chai aende. Isidore aliyachukua kama yalivyo, neno kwa neno, maana ndivyo alivyokuwa.

Alichimba mfereji. Hakuuchimba kwa kukisia: alitumia mpira mwangavu uliojazwa maji, ule ambao waashi hupimia usawa, akatembea nao mteremko mzima akichomeka vijiti. Mfereji ulikata kilima kwa ubavu, chini kidogo ya rundo, wenye kina cha kufika kiunoni kwa sababu udongo ulikuwa mwingi na haukushikana bado. Mwishoni, karibu na barabara, aliupangia mawe kwa ngazi ili maji yashuke yakiwa yamechoka. Machi ilinyesha, Aprili ikanyesha, na tope lote lilifika mferejini likalala humo, vibarua wakalizoa asubuhi. Chokaa ya ukuta wa Gertrude haikupata hata doa. Siku moja alimtumia Isidore samaki wawili, bila ujumbe, na kwa Gertrude hiyo ilikuwa hotuba.

Agosti mji ukabadili watawala. Vita vilikuwa vimeanza miaka mitatu nyuma upande wa Djugu, na watu wa Bunia walizoea kuvisikia vikipita kando kama malori. Mwezi ule vikaegesha mlangoni. Donatien, kama matajiri wote, alinusa mapema. Wiki moja kabla ya risasi alipata nafasi kwenye ndege ya kwenda kwao, akamwachia Isidore funguo za stoo na maneno mawili: "Linda simenti." Isidore naye alinuia kuondoka, kwani mkewe Agathe na watoto walikuwa Butembo. Akasema amalizie kwanza kuzoa tope la juma lile. Alipomaliza, barabara ilikuwa imefungwa.

Wenye bunduki waliingia Saio mchana wa jua kali, wakienda nyumba kwa nyumba na kuuliza kabila. Isidore alilala kifudifudi ndani ya stoo, nyuma ya mifuko ya simenti, jicho moja kwenye ufa wa ubao. Alimwona Eugène akitoka mlangoni, mikono juu, akisema jambo kwa ile sauti yake ya chini. Walimuuliza, akajibu, na wakamuua palepale kizingitini. Wakati huohuo Gertrude alikuwa ametokea nyuma na Joëlle, akapanda mteremko kwa magoti, akatumbukia mferejini. Walipita humo wameinama urefu wote, hakuna aliyewaona, wakatokea kwenye ngazi za mawe. Ili kufika barabarani ilibidi wapite mbele ya stoo. Isidore alifungua mlango nusu. Gertrude alimtazama. Hakusema neno, na Isidore hakusema neno, kisha mama akavuta mkono wa mtoto wakaenda.

Ukimya ule Isidore aliutafsiri mwenyewe. Aliamua kwamba Gertrude alikuwa anamkumbusha nyumba: mumewe aliiacha mikononi mwako, basi ishike. Mtu aliyelala nyuma ya simenti wakati jirani yake anauawa huwa anahitaji sana kupewa kazi ya kufanya, na Isidore, asipopewa na mtu, alijipa.

Jioni ile hawakuchelewa kuugundua mfereji. Nyayo zilikuwemo, za mwanamke na za mtoto. Wakamtoa Isidore stooni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mbali hawakumuua.

"Nani alichimba hii handaki?" aliuliza kamanda wao, mtu mnene aliyevaa kofia ya sufi juani.

"Haiko handaki, mukubwa. Ni mufereji ya maji ya mvua."

"Maji gani inahitaji shimo ya kufika mu kiuno?"

"Juu ya hii udongo, mukubwa. Kama inashuka, itaangusha nyumba ya chini."

Kamanda alimpiga kofi, kisha la pili, bila hasira, kama mtu anayegonga mlango. "Siye tunajua handaki. Mara ingine ni adui atapita humu. Unafukia yote, mbele jua ishuke."

Akaufukia. Kazi ya vibarua kumi na wawili, ambao walikuwa wameshatawanyika, aliirudisha shimoni peke yake, na alikuwa akilia, wala si kwa makofi. Siku iliyofuata yeye na Bijou, jirani wa pembeni aliyeuza mandazi na ambaye kabila lake halikutafutwa mwezi ule, walimzika Eugène kwenye uwanja wa kanisa. Waliporudi, kamanda na watu wake saba walikuwa wameshahamia nyumbani mwa marehemu. Kofia ya sufi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa Eugène, na mmoja wao alikuwa anazungusha vifungo vya redio moja baada ya nyingine, akitafuta yenye muziki.

Sasa mtazame Isidore alivyobanwa. Kutoka hawezi: kila njia ina kizuizi, na kamanda amesema kapita abaki kwenye kiwanja, akionekana nje ya Saio ni mpelelezi. Mkewe yuko mbali. Rundo liko juu ya nyumba, limelegea, bila mfereji, na mawingu ya Agosti yanafunga kila mchana. Alijaribu kujaza udongo kwenye mifuko mitupu ya simenti aipange mstari mmoja kuzuia tope. Mifuko ishirini haijafika, wakamjia mbio: unajenga ngome ya kupigia risasi? Akaimwaga. Akapanda matete ukingoni, kama walivyofanya kwao Lubero, maana mizizi ya matete hushika kilima kama kucha. Yalipofika magotini wakayafyeka. Majani marefu, walisema, ni maficho ya adui. Alipotaka kupima usawa, mpira wake mwangavu haukuwepo. Walikuwa wameuchukua kunyonyea petroli kwenye magari ya watu.

Vita vina wazimu huu, kwamba kila kitu cha kuzuia maji kinafanana na kitu cha kuulia watu. Isidore alikaa mlangoni pa stoo na njaa yake, akawaza: ni kitu gani mtu mwenye bunduki anakiona kila siku na hakimtishi? Jibu lilitoka tumboni. Mtu mwenye njaa akilima viazi, nani atamuuliza?

Akapiga matuta ya viazi vitamu. Matano, kukatisha mteremko, kila moja likiwa na upana wa kitanda na urefu usiofika magotini, na katikati ya moja na jingine mfuo wa kukalisha maji. Usawa aliupima kwa bakuli la maji juu ya ubao, akipiga magoti kila hatua tatu, na wenye bunduki waliokaa chini walidhani anaomba. Mbegu za viazi Bijou alimpa kutoka bustani yake.

"Kapita, unalima nini mu udongo hii ya kuchimbwa?" alimuuliza. "Haitazaa kitu."

"Sihitaji izae. Nahitaji ishike."

Na ikashika. Mvua ya kwanza kubwa ilijaza mifuo, tope likasimama, maji yakatokea pembeni polepole yakiwa karibu meupe. Isidore alikuwa nje katikati ya mvua, jembe mkononi, akikimbia tuta hadi tuta, anaziba hapa, anainua pale. Tangu hapo ndivyo alivyoishi. Kila mawingu yalipofunga alivua shati akatoka. Alikula majani ya viazi asubuhi na jioni. Wenye bunduki nao walichuma, naye aliwasihi wasing'oe mizizi, akasema ukweli kwa mara moja: "Mukichimba viazi, mulima itakuya mu kitanda yenu." Wakacheka, lakini hawakuchimba.

Mwezi wa Oktoba kamanda alimwita uani. Alikuwa na mbuzi wa mtu fulani.

"Muzee Kapita, usiku mvua ilipiga sana. Ndani, ata tone. Weye ni mutu muzuri." Akampa mguu.

Isidore aliuchukua mguu ule akaupika akaula wote, kwa sababu hakuwa ameonja nyama tangu Julai. Kisha akatoka nyuma ya stoo, akakaa chini, akaona haya ambayo hakupata kuiona maishani. Alishukuriwa na muuaji wa Eugène, nyama ikawa tamu.

Siku chache baadaye ilikuja ile mvua ambayo Saio waliizungumzia muda mrefu. Ilianza saa nane mchana. Wanaume wanane walikuwa ndani wamelala, wamekunywa tangu asubuhi, na mlango wameufunga kwa ndani. Isidore alikuwa kwenye tuta la juu. Mfuo umejaa pomoni, maji mekundu yamesimama yakitetemeka, na nyuma yake rundo zima la Donatien linanywa na kuvimba. Aliona wazi kabisa, kama fundi anavyoona ufa. Akifungua tuta la juu upande wa kulia, yanafuata manne ya chini, yote, na kilima kinashuka mlangoni. Mapigo matatu ya jembe. Hakuna atakayejua; mvua ndiyo itakayolaumiwa.

Aliinua jembe. Alilishikilia hewani mpaka mikono ikauma. Nitasema alichowaza, kwa sababu baadaye alikirudia kwa Bijou mara nyingi mno: aliwaza kwamba nyumba si yao. Wao ni wapangaji wa bunduki, watakwenda. Nyumba ni ya mama Joëlle, atarudi akiwa hana mume, je, akute pia hana ukuta? Akashusha jembe, akazoa donge la udongo, akalinenepesha tuta. Alikuwa anawachukia mpaka anasaga meno, na alikuwa anawalinda kwa mikono miwili.

Desemba mvua zilikata. Januari wafanyabiashara wakapata kibali cha msafara, malori manne, na Bijou akaja mbio stoo na habari mbili: kwamba kamanda, kwa bei ya mfuko mmoja wa simenti, atamwachia Isidore apite, na kwamba mtu kutoka Butembo amemwona Agathe akiwa mzima.

"Bibi yako anauliza unangoja nini," alisema Bijou. "Na mi nauliza. Mvua haiko. Mulima haitashuka bila mvua. Enda!"

Isidore alitazama matuta. Mashina ya viazi yalikuwa yamenyauka nusu kwa jua. Yasipomwagiliwa yatakufa yote, na Machi mvua itakuta udongo mtupu.

"Nikienda, nani atayamwagia maji?"

"Kapita, weye uko na akili?"

"Nangoja mwenye nyumba."

Bijou alimtukana kwa lugha ya mama yake, ambayo Isidore hakuijua, na pengine ni afadhali. Malori yakaondoka. Siku ile alichota maji mtoni mara kumi na moja, akamwagilia shina moja moja, na kila dumu alilolishusha aliliambia jina la mtoto wake mmoja. Alikuwa na watoto wanne, walirudia zamu.

Mwaka ule vita vilipinduka tena na tena. Machi kamanda wa kofia akatoka, akaingia mwingine. Mei Bunia ikawaka moto, watu wakakimbilia uwanja wa ndege, Bijou miongoni mwao, na Isidore akalala siku tisa chini ya turubai kati ya mifuko ya simenti iliyokwisha kuganda mawe. Mvua ikinyesha alitoka akitambaa. Risasi zilipita juu yake, naye analisawazisha tuta akiwa amelala ubavu. Asubuhi moja nyumba ya chini ilikuwa kimya. Walikuwa wameondoka na milango, madirisha, redio, vyote isipokuwa mabati, ambayo hawakupata nafasi ya kuyapakia. Juni wakaja askari wa kigeni, na kufikia Agosti bunduki hazikuonekana tena kwenye barabara za mjini.

Isidore alifagia nyumba ile. Alisugua kizingiti kwa mchanga. Kuta zilikuwa zimesimama barabara, nyeupe upande wa nje, bila tone la tope. Alikuwa amekonda hata suruali aliifunga kwa kamba, lakini kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alijisikia mtu. Njia ya kwenda kwao ilikuwa imefunguka nusunusu. Akasema: mama Joëlle akirudi tu, nitamkabidhi, kesho yake niko njiani.

Gertrude alirudi Jumanne moja, peke yake, na kitambaa cheusi kichwani. Joëlle alikuwa amemwacha kwa dada yake Tchomia. Hakuingia ndani. Alisimama uani akazunguka nyumba mara moja, akagusa ukuta wa nyuma kwa kiganja, akakitazama kiganja chake. Bijou, ambaye naye alikuwa amerudi mtaani, alikuwa amemlaki barabarani na kumsimulia yote, maana Bijou hakuwa mtu wa kukalia habari. Isidore alisubiri kando ya tuta la chini, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ni kweli, Kapita?" aliuliza Gertrude. "Kila mvua ulikuwa unatoka na jembe?"

"Kila mvua, mama Joëlle. Ata moja haikunipita."

"Na wao walikuwa ndani."

"Walikuwa ndani."

"Wakiwa wamelala mu kitanda yangu. Wakiwa wakavu."

Isidore akafungua mdomo. Ndipo alipomwona usoni, na furaha yake ikamshuka miguuni.

"Kule Tchomia," alisema Gertrude, na sauti yake haikuwa ile ya kugombania vumbi, ilikuwa ya chini kama ya Eugène, "nikiona mawingu inafunga huku juu, upande ya Bunia, nilikuwa napiga magoti mu muchanga. Watu walizani naombea marehemu. Nilikuwa naomba mvua. Nilikuwa nasema: Mungu, ile mulima ya Kapita, ishushe. Ishushe leo, wakiwa mu usingizi. Mwaka muzima, Kapita. Nilizani Mungu njo alikataa."

Isidore hakupata pa kuweka macho. "Sikujua," alisema.

"Hukuniuliza. Nilipita mbele yako, ukafungua mulango nusu, hukuniuliza kitu."

"Nilizani unaniachia nyumba."

"Nilikuwa nangoja uniambie ata pole."

Bijou, aliyekuwa nyuma yao, aligeukia pembeni akajipangusa na kanga. Isidore alitaka kueleza habari ya usawa wa bakuli, ya viazi, ya malori manne ya Januari. Alitaka kusema kwamba alikuwa na mapigo matatu mkononi akayarudisha kwa ajili yake. Hakuna hata moja lililofaa kutoka. Alisema lile aliloshindwa kulisema Agosti ya mwaka uliopita: "Pole, mama Joëlle." Gertrude akainamisha kichwa kuonyesha amesikia.

Kisha akaja akachukua jembe lililoegemea ukutani.

"Mule ndani sitalala tena, ata siku moja. Wala mutu mwingine hatalala. Uniache."

Isidore alitazama juu. Kaskazini palikuwa peusi, mvua ilikuwa imebakiza kama saa moja ifike. Alijua kwamba Gertrude anataka kukishusha kilima, na kila kiungo cha mwili wake mwenyewe kilikataa. Lakini alikuwa kapita, na kapita hutangulia kuona kinachopotea bure.

"Mabati kwanza," alisema. "Mabati bado mazima. Utayahitaji."

Wakayashusha, wote watatu, Isidore juu ya boriti aking'oa misumari, Gertrude na Bijou wakipokea chini na kuyapanga kwa Bijou. Hawakuzungumza ila "shika" na "polepole". Nyumba ikabaki kuta tupu, wazi kwa juu, na ndani ukaonekana msumari wa Eugène kwenye chokaa. Gertrude hakuung'oa. Upepo wa mvua ulipoanza kupiga, alipandisha kanga yake, akafunga fundo, akapanda mteremko na jembe mpaka tuta la juu kabisa, lile la kwanza ambalo Isidore alilipima kwa magoti. Isidore alimfuata kwa nyuma, bila shati, kwa mazoea.

Matone ya kwanza yalianguka makubwa. Gertrude aliinua jembe akalipiga tuta katikati kwa nguvu zake zote, akapiga tena, mashina ya viazi yakaruka. Alikuwa akilia kwa sauti. Isidore alisimama kando yake, na kila pigo alilisikia kifuani, maana tuta lile lilikuwa mwaka wake mzima, lilikuwa Agathe, lilikuwa watoto wanne. Akaona maji yameanza kujongea kwenye mfuo, akaona yanakoelekea, akamshika mkono.

"Si hapo, mama Joëlle. Hapo itaenda kwa Bijou."

Akamwongoza hatua sita upande wa kulia, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye udongo.

"Hapa," alisema. "Mara tatu."